Vidole vya Jumapili

Kazi yangu ni kuuza na kufunga vifaa vya nyumba janja: geti linalofunguka kwa kidole, mita ya maji inayolipiwa kabla, taa za ngazi zinazojiwasha mtu akipita, kamera ya mlangoni inayomwonyesha mwenye ploti ya kupangisha kila kitu kwenye simu yake. Nilisomea umeme Thika, nikavuta nyaya kwenye nyumba za watu kwa miaka mingi, hadi siku moja nikagundua kwamba anayefunga waya huchoka zaidi na kuheshimiwa kidogo kuliko anayeeleza waya huo unafanya nini. Nikahamia Ruiru, nikakodi duka dogo kando ya baipasi, na mlangoni nikasimamisha geti la mfano lisiloelekea popote, ili wateja waweke vidole wasikie linavyolia.

Sikulazimika kulitafuta soko. Ruiru wenye ploti huishi wakitazamana. Mmoja akiweka geti la kidole, haupiti mwezi kabla jirani yake wa ng'ambo hajanipigia simu, na si kwa sababu ameibiwa. Ni kwa sababu vijana wawili waliooana juzi walikuja kuangalia nyumba, wakauliza, "Gate ni ya finger?" wakaambiwa hapana, wakavuka barabara. Kuna mzee mmoja niliyemfungia taa za kujiwasha, akarudi kulalamika kwamba watoto wanacheza ngoma kwenye ngazi ili zisizime. Nilimwambia hiyo si hitilafu, hiyo ni burudani ya bure. Hakucheka.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilitembeza vyote. Nilikuwa na maneno yangu ambayo kila mteja aliyasikia: "Mashine haina undugu. Hailali, hainywi, haiombi soda." Niliyasema mara nyingi mpaka nikayaamini mwenyewe.

Kati ya walioyasikia alikuwemo mwalimu mmoja mstaafu. Alikaa Ruiru, lakini ploti yake ilikuwa Thika, mtaa wa Kamenu: ghorofa tatu, nyumba ishirini, wapangaji wa kawaida wanaofanya kazi za mikono. Tena alikuwa akijenga ploti nyingine mbili kule Murera, na aliniahidi kwamba geti la Kamenu likifanya kazi vizuri, za Murera zote ni zangu. Hiyo ndiyo kazi kubwa zaidi niliyowahi kuahidiwa. Nilimshauri amwondoe keateka, mtunzaji wa ploti aliyelala pale getini, kwa sababu geti langu lingefanya kazi yake na zaidi. Kila anayeingia angeandikwa, jina na saa, na mwalimu angeyasoma akiwa sebuleni kwake. "Utajua nyumba ipi ina mtu na ipi haina," nilimwambia, na macho yake yakang'aa. Keateka akaenda zake na godoro lake. Yule ndiye aliyekuwa akiwajua wapangaji wote, hadi hatua zao gizani.

Kosa langu nililifanya Jumapili, na nililifanya kwa kujiona mwerevu. Ili geti likujue ni lazima kwanza liandike kidole chako, na siku za kazi huwezi kuwapata watu wa Kamenu: wanatoka alfajiri na kurudi wamechoka, hawataki maneno. Nikachagua Jumapili baada ya kanisa. Jumapili kwetu mtu anaoga kikweli. Anajisugua, anajipaka mafuta hadi kwenye vifundo, anavaa, anaimba, anarudi kula. Niliweka meza uani saa nane mchana, wakapanga foleni wakiwa na nguo zao nzuri, mikono laini inanukia. Mashine iliwapokea mmoja baada ya mwingine, hata mchonga mawe anayefanya kazi huko Juja, ambaye kucha zake zilikuwa zimepasuka katikati.

Mama wa nyumba namba tisa alikuja karibu na mwisho. Alikuwa na umri wa kukaribia miaka sitini, mwembamba, mcheshi. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka kumi na mmoja, na sasa aliishi na mjukuu wake wa kike anayesoma chuo kikuu Juja, anayekwenda asubuhi na kurudi jioni. Kidole chake kilikataa mara tatu. Nilikifuta kwa shati langu, nikakibonyeza kwa kidole changu juu yake, na mara ya nne mashine ikalia vizuri.

"Sasa mama uko ndani ya mashine," nikamwambia.

"Bora tu nisikwame huko," akasema, na foleni yote ikacheka.

Sikumuuliza anafanya kazi gani. Nilikuwa nahesabu waliobaki, na njaa ilikuwa inaniuma.

Baada ya kama miezi miwili mwalimu akanipigia simu. Alikuwa ameshazoea kusoma taarifa za geti kila jioni kama watu wengine wanavyosoma gazeti, na mkewe alikuwa amenilalamikia kwamba anazisoma hata kanisani. "Fundi," akaniambia, "namba tisa hakuna mtu. Kuna kasichana tu. Ule mama hajaingia wiki tatu."

Nilifungua kompyuta nikaangalia. Ni kweli. Jina la mjukuu lilikuwepo kila jioni. Kwa wiki hizo tatu jina la bibi yake halikuwepo hata mara moja. Kutoka nje hakuandikwi, kwa sababu kwa ndani mtu anabonyeza kitufe tu, kwa hiyo kwa mujibu wa geti mwanamke yule alikuwa ametoka siku moja na hajarudi.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kushuku. Miaka ya nyuma mpangaji wake mmoja alirudi shambani kimyakimya na kumwachia mtu mwingine nyumba kwa kodi ya juu, akawa anakula faida bila jasho. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwalimu aliamini kwamba mama wa namba tisa ameenda zake mashambani na kuifanya nyumba kuwa hosteli. Akaandika barua: nyumba iwe tupu ifikapo mwisho wa mwezi. Majirani walipompigia kumwambia kwamba mama yupo, wanamwona kila siku, aliwajibu kwamba wapangaji ni chama, hulindana. Alitaka neno la mashine tu. Mama akaomba wakae chini wasikizane, na mwalimu akakubali, akaniita nije kama shahidi.

Tukakutana pale uani. Tena ilikuwa Jumapili, kwa sababu hiyo ndiyo siku mwalimu huja Thika.

Nilimsalimia mama kwa mkono, kama inavyopasa, na mkono wake ukakaa ndani ya wangu. Hapo ndipo nilipojua. Ncha za vidole hazikuwa na mistari. Zilikuwa laini kwa namna isiyo ya kawaida, ulaini wa kitu kilicholika, na kando ya kucha kulikuwa na nyufa ndogo nyekundu. Naijua mikono hiyo. Ni mikono ya mtu anayemenya mananasi.

Mama yangu alimenya mananasi miaka kumi na minane kando ya barabara, akiyakata vipande na kuwauzia wasafiri, na vipande hivyo ndivyo vilivyonisomesha. Maji ya nanasi hula ngozi. Mtu yeyote aliyekulia Thika na kumenya ndoo nzima anajua yanavyochoma. Baada ya miaka, kidole hubaki bila alama. Nakumbuka tulipoenda kumsajilia laini ya simu, kijana wa dukani alimwambia aweke kidole tena, na tena, mpaka watu waliokuwa nyuma wakaanza kuguna, na mama yangu akawa anaficha mkono ndani ya leso kila baada ya kujaribu. Nilikuwa mtu mzima wakati huo. Nilisimama kando yake nikiona aibu, na aibu hiyo ndiyo inayonikera hadi leo.

Kwa hiyo nilijua. Sitasema sikuwa na uhakika.

Mama alieleza kwa utulivu. Alisema yupo, hajaenda popote. Alisema geti lilikubali kidole chake wiki chache za kwanza, kwa kubembelezwa, kisha likamkataa kabisa. Akirudi jioni anakaa juu ya ndoo yake nje ya geti akingoja mjukuu au jirani amfungulie, na Jumapili mjukuu ndiye hufungua wakitoka kanisani. "Mbona hukuniambia?" mwalimu akauliza. Mama akatazama chini. "Niliona wengine wote inawafungulia. Nikasema pengine ni mimi niko na shida. Niliona aibu."

"Haya," mwalimu akasema, "tuone."

Tukaenda getini sote. Mama akaweka kidole. Mashine ikakataa. Akaweka tena, ikakataa. Akakifuta kwenye kitenge, akaweka mara ya tatu, na geti likafunguka.

Nilijua pia kwa nini lilifunguka. Jumamosi hakumenya, alikuwa ametutajia kwamba alishinda kwenye mazoezi ya kwaya. Usiku huo alijipaka mafuta, asubuhi akaoga, akajipaka tena. Mistari kidogo iliyobaki ilikuwa imepata siku mbili za kupumzika. Ningeweza kulieleza jambo hili kwa sentensi mbili.

Mwalimu alinigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa na sura ya mtu aliyemaliza hesabu na jibu likatoka. "Si imefungua? Fundi, hii kitu inaweza danganya?"

Mama wa namba tisa hakumtazama mwalimu. Alinitazama mimi. Alikuwa ameshika mikono yake mbele, viganja juu, si kwa kuomba, ni vile tu alivyokuwa ameitoa getini.

Nikafikiria Murera. Nilifikiria ploti mbili, milango, taa, mita, mwaka mzima wa kazi. Nikafikiria mwalimu akiwaambia wenzake wa Ruiru kwamba geti la yule fundi wa kike halijui watu. Nikasema, "Haidanganyi, mwalimu. Inaandika tu ile kitu imeona."

Sentensi hiyo ni ya kweli, unaweza kuipima popote. Niliichagua kwa sababu hiyo. Uongo ningeuonea haya.

Mama akasema, "Sawa." Akaenda ndani. Mwalimu akanipa mkono, akanikumbusha nimpelekee makadirio ya Murera wiki hiyo.

Siku mbili zilizofuata nilifanya kazi kama kawaida, na kila nilipofungua boksi jipya nilikuwa nauona mchoro ambao nilikuwa nimeuona mara mia bila kuutazama. Juu ya boksi pamechorwa kidole. Ni kidole kinene, safi, cha mtu asiyeosha hata kikombe chake. Aliyetengeneza mashine hii alikuwa na kidole hicho akilini, na sidhani alikuwa na ubaya wowote. Hakuwahi kufika Thika. Mimi nilizaliwa huko, nikalelewa na mikono isiyofanana na mchoro ule, na ndiye niliyesimama getini nikaitetea mashine. Nilijikasirikia hadi nikawa namjibu kila mtu vibaya, pamoja na mteja aliyekuja tu kuulizia kengele.

Jumatano nikaenda kumwona mama yangu. Anakaa Murera kwenye kipande chake cha shamba, na ndizi na kuku wachache. Nilimpelekea unga na sukari, nikamkuta akipepeta maharagwe. Nikamweleza habari yote, na nakiri kwamba nilimweleza nikitaka anihurumie. Nilisema biashara ni ngumu. Nikasema hata ningesema, mwalimu hangesikia.

Alinisikiliza bila kuacha kupepeta.

"Na ulimwambia mwalimu mambo ya mikono?"

"Bado, mami."

"Bado ni mpaka lini?"

Akaweka ungo chini.

"Mwisho wa mwezi ni Jumamosi," akasema. "Ule mama atalala wapi?"

Nilimpigia mwalimu nikiwa palepale uani kwa mama yangu, kuku wakinizunguka, kwa sababu nilijijua: ningesubiri kufika dukani, ningepata sababu nyingine. Nilimwambia kuna jambo sikumweleza Jumapili, na kwamba sitalieleza kwa simu. Aje kesho Kamenu, saa kumi na moja na nusu jioni, wakati watu wanarudi kazini. Alinung'unika kuhusu safari na mguu wake. Nikamwambia asipokuja, mimi mwenyewe nitaling'oa geti. Sijui nilitoa wapi ujasiri huo, lakini alikuja.

Tulisimama nje ya geti, mimi na yeye. Wapangaji walianza kufika. Mchonga mawe akaweka kidole, akakataliwa mara mbili, akapiga mlango teke dogo kwa mazoea, akafunguliwa mara ya tatu. Mwalimu aliliona teke hilo. Kisha mama wa namba tisa akatokea kwenye kona, ndoo mkononi, kisu kimefungwa ndani ya kitambaa, na mikono imevimba kwa unyevu wa siku nzima. Alipotuona alipunguza mwendo, akakaza uso, akaja.

Nikamsalimia. Nikamwomba ajaribu geti, kidole kile kile.

Likakataa. Mashine ina sauti ya mwanamke, inasema kwa Kiingereza cha adabu ujaribu tena. Akajaribu tena. Nikamwambia aweke kingine. Akaweka cha kati. Akaweka gumba. Akahamia mkono wa kushoto. Tulivipitia vidole vyote kumi, na kwa kila kimoja yule mwanamke wa mashine akarudia maneno yake kwa adabu ileile. Juisi ilibaki kwenye kioo cha mashine, nikawa naifuta kwa shati langu. Mwalimu alisimama akihesabu, midomo ikicheza, tabia ya darasani.

"Mwalimu," nikasema, "maji ya nanasi yanakula alama za vidole. Jumapili zinarudi kidogo. Mimi nilijua hiyo Jumapili, na nikanyamaza. Huyu mama amekuwa akiingia kila siku. Ni geti langu ndiyo halimjui."

Mwalimu si mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Aliuchukua mkono wa mama, akaugeuza kwenye mwanga, akausogeza karibu na miwani yake.

"Kumbe," akasema. Kisha akasema, "Mama, ile barua itupe. Nisamehe." Halafu akanitazama mimi. "Na wewe fundi, ile kazi ya Murera wacha tungoje kwanza."

Tangu siku hiyo bado tunangoja. Ploti zile mbili zimekwisha kujengwa, kila moja ina mlinzi, naziona nikienda kwa mama. Siku hizi mteja akiniita, kabla ya kufungua boksi nazunguka nawasalimia wapangaji wote kwa mkono. Wanadhani nina adabu nyingi. Kuna ploti ambazo nimesema hapana, hapa chukueni kadi, au chukueni kufuli, na kuna wenye ploti walioenda kwa muuzaji mwingine mwenye maneno matamu kuliko yangu.

Lakini jioni ile ya Alhamisi nilikuwa na kadi mfukoni, niliyoitayarisha kwa ajili yake. Unaigusisha tu kwenye mashine na geti linafunguka. Nilimwonyesha, likafunguka mara ya kwanza, na akaijaribu mara tatu zaidi. Mwalimu akaenda zake. Mama akaniambia nipande juu ninywe chai, na sikuweza kukataa.

Nilikuta vitu vyote vimefungwa. Godoro limekunjwa na kufungwa kamba, sufuria ziko ndani ya gunia, nguo ndani ya katoni mbili za mafuta ya kupikia. Pazia limeshatolewa. Mjukuu alikuwa amekaa juu ya katoni moja akisoma daftari lake, akainuka kunipisha. Kulikuwa hakuna kikombe nje. Mama akapiga magoti, akafungua katoni ya pili, akavua gazeti kwenye kikombe kimoja, kisha kingine, akavipanguza, akavipanga sakafuni. Aliponawa mikono niliona anavyokunja uso maji yalipogusa zile nyufa. Nilimwomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa, akaniita maitu, kama wakubwa wa kwetu wanavyowaita mabinti, akasema yamekwisha.

Akanimiminia chai. Kisha akasema, bila ukali wowote, kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Ile Jumapili uliposhika mkono wangu, niliona umejua. Uso wako ulibadilika. Nikasema moyoni, asante Mungu, huyu msichana amejua, sasa atasema." Akasukuma sukari upande wangu. "Nikakungoja."